Pimeni Tena, Mkono Mwingine

Kama unasoma haya ukiwa umelala kitandani, na ndugu yako ndiye amekushikia simu kwa sababu mikono yako haina nguvu, basi ni wewe hasa ninayekuandikia. Wenye afya wasome pia, hawakatazwi, ila wakae nyuma. Benchi la mbele ni lako.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la pili. Watoto wa darasa la pili ukiwaambia jambo mara moja hawajasikia, mara ya pili wamesikia nusu, mara ya tatu wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kazi hiyo imenizoesha kueleza bila kuchoka. Nyumbani wananitania kwamba hata kuku wa Krismasi huwa namweleza kwanza kabla ya kumchinja.

Ugonjwa ulinianza masika yalipokuwa yamekolea, barabara za mtaa wetu wa Sokon One zikiwa tope tupu na nusu ya mtaa ikilalamika tumbo. Majirani walipona kwa uji na maji ya chumvi na sukari. Mimi sikupona. Nilitapika, nikaharisha, nikapata dawa za zahanati, nikapata nafuu kidogo, nikarudi kulekule. Nguo zikaanza kunivuka. Ngozi ya vidole ikajikunja kama ya mtu aliyeshinda akifua. Moyo nao ukawa unaruka, unatua, unaruka tena, kama mtu anayevuka madimbwi.

Asubuhi moja niliamka nikaamuru miguu ishuke kitandani, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikataa tu, kama ya mtu mwingine. Mume wangu Elibariki, fundi seremala wa Daraja Mbili, alinibeba mgongoni hadi kwenye gari la jirani. Tulipofika mapokezi ya hospitali benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja nisiyemfahamu, mwenye mtoto anayekohoa, alimpakata mwanawe ili mimi nipate pa kulala, akanifunika kanga yake miguuni. Jina lake silijui mpaka leo. Ukiwa mgonjwa utakutana na watu kama huyo. Wahesabu, maana siku nyingine hutakuwa na kingine cha kuhesabu.

Nikalazwa wodi ya wagonjwa mahututi. Daktari wangu alikuwa dada wa umri wa mdogo wangu, mwenye sauti ya chini na viatu vya raba. Alinieleza kwa maneno niliyoweza kuyabeba: damu ina chumvi zake, moja inaitwa potasiamu, na hiyo ndiyo inayoiambia misuli ikaze na moyo upige kwa mpango. Yangu ilikuwa imemwagika yote chooni. Ingerudishwa polepole kwa dripu, na kila mara wangepima damu kujua imefika wapi.

Hakuniambia kwamba inachoma. Nami nakuambia: inachoma. Dripu ile ilipitia kwenye mshipa wa mgongo wa mkono wangu wa kulia, na mkono wote ukawa kama umepakwa pilipili mpaka begani. Nililia. Lakini ilipofika dripu ya tatu nilijaribu kidole gumba cha mguu, kikasogea. Nikamwita nesi aje akione. Akakitazama kwa heshima zote.

Siku hizo aliyenihudumia zaidi alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Elibariki. Anaishi juu huko mlimani Meru, ana kahawa na migomba, na tangu nilipolazwa alishuka kila siku na hotpoti ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ambayo huku kwetu hupewa kila mzazi na kila mgonjwa, awe ameomba au hajaomba. Alinibadilisha pempasi bila kukunja uso. Mara ya kwanza niligeukia ukutani kwa aibu. Akasema, "Geuka huku. Huyo mume wako nilimsafisha miaka mitatu, na alikuwa mchafu kuliko wewe." Baada ya hapo sikuona aibu tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa saa za kuona wagonjwa. Akina mama wa usharika wetu walikuja kuniombea. Sheria ya wodi ni wageni wawili. Wao waliingia saba, na vitenge vyao vya sare, na nesi alipotaka kuwazuia Mama Mchungaji alimsalimia "Bwana Yesu asifiwe!" kwa nguvu kiasi kwamba nesi akajikuta amejibu "Amina" na mlango uko wazi. Wakazunguka kitanda, wakashikana mikono. Mama Mchungaji akanishika mkono wa kushoto, akaukumbatia kwa mikono yake miwili. Mama mkwe akashika miguu yangu. Upande wa kulia mduara ulikatika, kwa sababu pale ilisimama nguzo ya dripu.

Mama mkwe akaombwa aongoze sala. Alianza kwa Kiswahili kwa heshima ya wageni. Sala ilipopata moto akahamia Kimeru. Na mama akishafika kwenye Kimeru, ujue mtasimama: ataombea mvua, ataombea kahawa, ataombea wajukuu walioko Dar es Salaam mmoja mmoja, ndipo ashuke kwa mgonjwa.

Mtu wa maabara aliingia katikati ya wajukuu. Mzee wa makamo, miwani, meno ya kahawia kama yetu sote tuliokunywa maji ya mlima huu utotoni. Alikuwa na trei yake ya sindano na vichupa.

"Samahani, akina mama," alisema kwa upole.

Hakuna aliyefumbua jicho. Akakohoa kidogo. Akangoja. Akatazama vitanda vingine vinavyomsubiri. Kisha akazunguka kwa kunyata mpaka upande pekee uliokuwa wazi, akaniinamia. "Pole, Mwalimu. Nitakuwa mwepesi." Akanifunga mpira juu ya kiwiko, akachoma kwenye kunjo la mkono, akavuta damu, akanibandikia pamba na plasta. Mkono ule ule wa kulia. Dripu ikiendelea kudondoka chini yake.

Nilimwona. Nikasema moyoni, kazi yake anaijua. Tena watu wanasali, utasemaje? Akaondoka kwa kunyata kabla ya Amina.

Jibu lilirudi akina mama wakiwa bado wanaagana. Daktari aliingia karibu akimbie, nesi nyuma yake. Akaifunga dripu kwa mkono wake mwenyewe.

"Potasiamu imepanda," alisema. "Imepanda vibaya mno. Kiwango hiki kinasimamisha moyo. Amekula nini leo?"

Elibariki, aliyekuwa ameingia muda huohuo kutoka kazini, akaonyesha hotpoti.

"Mtori," akasema.

"Mtori wa ndizi?"

"Kwani kuna mtori wa maharage, daktari?" mama mkwe akauliza.

Daktari hakucheka. Akaeleza kwamba ndizi zina potasiamu nyingi, na kwamba mgonjwa mwenye hali kama yangu hatakiwi kuletewa chakula bila ruhusa. Alisema kwa adabu, lakini ilitosha. Elibariki alimgeukia mama yake mbele ya wodi nzima.

"Mama, si nilikwambia uulize kwanza?"

"Niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza mgonjwa."

"Unataka kuniulia mke!"

Mama akafunga kifuniko cha hotpoti. Akajifunga kanga vizuri. "Haya," alisema. "Kesho shikamoo yako kamwamkie mwingine." Akatoka, na akina mama wa usharika wakamfuata bila hata mmoja kuniaga.

Nami nilikuwa nimemeza vijiko viwili tu vya ule mtori. Kimoja kilikuwa kimesharudi.

Daktari akanieleza mpango haraka. Nitachomwa dawa ya kuishusha potasiamu sasa hivi, kisha gari la wagonjwa litanipeleka mji mwingine kwenye mashine ya kusafisha damu. Nesi alikuwa ameshaanza kugongagonga bomba la sindano kutoa hewa.

Hapa nikuombe unisikilize vizuri, wewe uliyelala. Mimi udaktari siujui. Lakini udhaifu ule nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeishi nao. Miguu yangu saa ile ilikuwa nzito vilevile, ilikuwa imeanza tu kunirudia kidole kimoja kimoja, na hakuna kitu kipya kilichokuwa kimeupata mwili wangu tangu asubuhi. Karatasi ilisema nimevuka mto, mwili ulisema bado niko ukingoni uleule. Ndipo nikakumbuka ile sindano imechoma wapi.

"Daktari, naomba niseme."

"Mama, tulia kwanza, tutaongea baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimeshachomwa."

Nikauingiza mkono chini ya blanketi. Sikuwa na nguvu ya kupigana na mtu, lakini blanketi nilikuwa nalo.

"Mama Upendo," Elibariki akaninong'oneza, "usibishane na daktari."

"Sibishani. Naeleza."

"Unaeleza nini tena na unakufa!"

"Basi nife nikieleza."

Sauti yangu ilikuwa kama ya paka, lakini niliitoa yote. "Daktari, ukitaka kujua chai ya sufuria nzima ina sukari kiasi gani, utaionja pale unapoimimina sukari? Damu yangu imetolewa mkono huu. Mkono wenye dripu. Dripu ikiwa wazi. Mmepima dripu yenu, hamjanipima mimi. Pimeni tena, mkono mwingine. Jibu likija lilelile nitawapa mkono, nitawapa na mguu, mchome mnapotaka. Kabla ya hapo sichomwi."

"Hatuna muda wa kusubiri, mama."

"Kama hakuna muda, anza sasa."

Alinitazama. Kisha akafunua blanketi taratibu, akaukunjua mkono wangu wa kulia. Pamba na plasta vilikuwa pale kwenye kunjo la kiwiko, vipya kabisa. Chini yake, mgongoni mwa kiganja, ulikuwepo mpira wa dripu. Akazunguka akatazama mkono wa kushoto. Michubuko ya zamani tu.

Nitamheshimu dada yule maisha yangu yote kwa kile alichofanya baadaye. Hakukasirika. Alimwambia nesi, "Weka sindano hapo, usiitupe, lakini usichome. Niletee mashine ya moyo na vichupa." Akatoa damu mwenyewe, mkono wa kushoto. "Usikunje ngumi, Mwalimu. Legeza tu." Akanibandika zile nyaya za moyo, akatazama mchoro unavyotoka, akakunja uso. "Kile ninachokiogopa sikioni hapa," alisema. "Tusubiri maabara."

Kusubiri huko ndiko kulikuwa kurefu kuliko ugonjwa wote. Elibariki alikaa kwenye stuli, vumbi la mbao bado limo kwenye kucha zake, macho kwenye ile sindano juu ya trei.

"Na kama umekosea?" akaniuliza.

"Nikikosea utaoa mwingine. Ila asiwe mwalimu."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka, akaficha uso kwenye blanketi langu. Nilimwekea mkono kichwani. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Ujasiri niliokuwa nao ulikuwa umeishia kwenye ile hotuba ya chai.

Jibu alilileta yule mtu wa maabara mwenyewe, kwa miguu, karatasi mkononi. Hakumtazama mtu machoni.

"Iko chini," alisema. "Chini sana, daktari. Haijafika popote."

"Kwa nini ulitoa kwenye mkono wenye dripu?"

"Akina mama walikuwa wanasali." Akavua miwani. "Ningewakatizaje?"

Nesi ndiye aliyeanza kucheka. Akaziba mdomo, ikashindikana. Daktari naye akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka, maana kucheka kunataka misuli. Daktari alipogeuka akakaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hawafanyi.

"Mwalimu, ile dawa ingeshusha kitu ambacho tayari kiko chini."

"Ingeniua?"

"Ingeweza."

Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene, USITOE DAMU MKONO HUU, akaibandika ukutani juu ya bega langu la kulia. Kisha akaifungua dripu. Moto ukaanza kupanda kwenye mshipa mpaka begani, na kwa mara ya kwanza sikulia. Choma, niliuambia. Choma we, nipo.

Kesho yake Elibariki alipanda mlimani. Huku kwetu mtu akimkosea mzazi kiasi kile haendi na maneno matupu. Anachuma jani la isale, anamshikisha mkononi, na aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Alinisimulia kwamba mama alimwacha asimame uani na lile jani mpaka akamaliza kuwapa mbuzi majani yao. Kisha akalipokea, akalitazama, akasema, "Jani dogo hili. Kosa lilikuwa kubwa." Lakini alilipokea.

Aliposhuka hospitali alikuja na hotpoti, na hakuja kwangu kwanza. Alimfuata daktari koridoni, akafunua kifuniko. "Onja," akamwambia. "Ukifa tutajua." Daktari akaonja. Akaruhusu kikombe kimoja.

Sikupona siku ile, wala wiki ile. Usidanganywe na watu wanaosimulia kupona kama kuamka usingizini. Ilikuwa dripu, kipimo, dripu, kipimo, kisha vidonge vikubwa vinavyokwaruza koo. Baridi ya Juni ilinikuta bado wodini, mlima umejifunika mawingu siku nzima, nami najifunza kutoka kitandani hadi dirishani. Nilipofika dirishani mara ya kwanza sikuona mlima, niliona ukungu na kamba ya mashuka, nikafurahi vilevile. Nywele zilinitoka kwa mafungu. Binti yangu Upendo alinisuka zile zilizobaki, akasema nafanana na bibi. Nilitoka hospitali na fimbo, na ngazi mbili za nyumba yangu zilinishinda mpaka mwisho wa Julai. Mimi na Elibariki hatukuelewana vizuri kwa muda. Aliona aibu, na mwanamume mwenye aibu hukasirikia vitu vidogo, chumvi, mlango, redio. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya ugonjwa, likataka muda wake.

Mtaani waliniita mgonjwa mbishi. Wifi yangu bado ananiita hivyo. Nimelipokea jina. Nakuomba na wewe ulipokee, lakini ulielewe vizuri: sisemi ukatae dawa. Dawa zimeniponya. Sisemi umdharau daktari, daktari aliniokoa, na aliniokoa kwa sababu alikubali kusikiliza. Nasema namba inayotoka maabara imesafiri njia ndefu, kutoka kwenye mshipa hadi kwenye karatasi, na njiani kuna watu wenye haraka, wenye uchovu, wenye adabu ya kutokatiza sala. Ikija namba isiyofanana na mwili wako, sema kwa sauti. Uliza imetolewa wapi. Omba ipimwe tena kabla ya kuanza kufanyiwa kitu kikubwa. Kama huna sauti, muombe anayekushikia simu hii akusemee. Na mnaokuja kuombea wagonjwa, njooni, tunawahitaji. Lakini mtu wa maabara akifika, fumbueni macho. Mungu hakasiriki mkiachia mkono mmoja.

Oktoba nilirudi kliniki kwa kipimo cha mwisho. Mijakaranda ilikuwa imechanua, njia yote zambarau, vumbi juu yake. Fimbo nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilitoa damu, nikakaa kwenye benchi, nikaitwa.

"Mwalimu, iko sawa kabisa," daktari alisema, akiwa na tabasamu lake la chini chini. "Vidonge basi. Rudi darasani."

Nikiri kwamba nilitaka kushika mkoba na kukimbia. Jibu zuri ni tamu, nani hupenda kuliuliza maswali? Lakini nililipigania swali langu nikiwa siwezi kuinua mguu. Nisingelitupa sasa kwa sababu tu jibu limenifurahisha.

"Damu ilitoka mkono gani?" nikauliza.

Yule mtu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na trei yake. Alinitazama kupitia miwani, meno ya kahawia yakatokeza yote.

"Mwalimu," alisema, "siku hizi huna dripu."

Nikaitazama mikono yangu, wa kulia na wa kushoto. Haikuwa na kitu. Nikaondoka nayo.